Viwanja vya ndege, hoteli na matukio: namna ya kuuingia mji mkubwa kama mwenyeji

Mwenyeji wa mji mkubwa akipanga safari huanza na kalenda, akaja kwenye ramani, na bei akaiweka ya tatu. Ukianza na bei unaweza kununua tiketi rahisi ya kwenda uwanja ulio kilomita mia moja nje ya mji, katika wiki ambayo hoteli zimejaa, kisha chumba pekee kilichobaki kikawa mwisho wa njia ya treni isiyotembea usiku. Kila uamuzi ulionekana mzuri ulipoutazama peke yake. Kwa hiyo hatua za hapa zinafuata mpangilio wa mwenyeji. Mifano imetoka miji mbalimbali, na utaratibu ni huohuo popote unapokwenda.

Anza na kalenda

Kabla hujagusa tiketi ya ndege, fungua kalenda tatu za mji unaokwenda: ya ukumbi mkuu wa maonyesho ya biashara, ya viwanja vya michezo na matamasha, na ya sikukuu za umma pamoja na likizo za shule. Kazi hii huchukua nusu saa, na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote.

Frankfurt hupokea maonyesho ya vitabu kila Oktoba, na wiki hiyo vyumba hupotea hadi miji ya jirani. Barcelona hujaa watu wa maonyesho ya simu na mitambo mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. New York mwezi Septemba hupokea wakuu wa nchi kwa ajili ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa: mitaa ya mashariki ya Manhattan hufungwa na teksi hukwama papo hapo. Japani ina mfululizo wa sikukuu kuanzia mwisho wa Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei, na treni za masafa hujaa wenyeji wanaosafiri. Na Oktoberfest ya Munich, pamoja na jina lake, huanza katikati ya Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Oktoba. Anayepanga kufika katikati ya Oktoba hukuta mahema yameshang'olewa.

Kama huna muda wa kupekua kalenda, tumia njia ya mkato: tafuta bei ya hoteli ileile, chumba kilekile, kwa wiki nne zinazofuatana. Wiki moja ikiruka hadi mara mbili ya nyingine, ujue kuna jambo mjini. Hapo una njia mbili. Sogeza safari siku tatu mbele au nyuma, au lala mji wa jirani ulio kwenye njia ya moja kwa moja ya treni. Kwa Frankfurt, treni ya S8 inatoka Wiesbaden na Mainz, inapita uwanja wa ndege, kisha inaingia katikati ya mji. Ila wazo hilo si lako peke yako, kwa hiyo wahi.

Chagua uwanja wa ndege kwa mlango hadi mlango

Miji mikubwa mingi ina viwanja zaidi ya kimoja, na kila uwanja una msimbo wa herufi tatu. Mji wenyewe nao huwa na msimbo wake. Ukiandika LON kwenye tovuti ya kutafutia ndege, utaletewa Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN), London City (LCY) na Southend (SEN). TYO, ya Tokyo, italeta Haneda (HND) na Narita (NRT). NYC italeta JFK, LaGuardia (LGA) na Newark (EWR), ambao uko jimbo jingine kabisa, New Jersey, na bado una treni ya kuingia Manhattan. Soma msimbo, usisome jina la mji pekee. Msimbo mwingine haufanani hata kidogo na jina la uwanja: O'Hare ya Chicago ni ORD kwa sababu zamani eneo lile liliitwa Orchard Field.

Jina ndilo linalowapoteza watu. Uwanja wa Hahn, uliotangazwa miaka mingi kwa jina la Frankfurt, uko takriban kilomita 120 kutoka mji huo. Beauvais ya "Paris" iko kama kilomita 85. Narita iko karibu kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, ilhali Haneda haifiki hata nusu ya umbali huo. Tofauti ya bei ya tiketi inaweza kuliwa yote na basi la kukufikisha mjini, na saa mbili za siku yako zikaenda nayo.

Piga hesabu hii kwa kila tiketi unayoifikiria. Chukua ndege inayotua saa 22:40. Kusogea hadi getini na kushuka, dakika 15. Uhamiaji, dakika 45. Mkanda wa mizigo, dakika 20. Kutembea hadi kituo cha treni, dakika 15. Jumla ni dakika 95, yaani uko kwenye jukwaa saa 00:15. Kama treni ya mwisho huondoka 00:05, tiketi hiyo imeshaongezewa nauli ya teksi ya usiku. Treni za Tokyo husimama karibu na saa sita usiku hadi kama saa kumi na moja alfajiri. London ina treni za chini ya ardhi usiku kucha Ijumaa na Jumamosi tu, tena kwa njia chache. Chicago, njia ya bluu ya O'Hare hutembea saa 24. Kwa ndege ya usiku wa manane, jambo hili lina uzito kuliko bei.

Hapa kuna mtego wa saa unaowanasa hasa sisi tunaohesabu siku kwa jua. Tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:30 ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Unatakiwa uwe uwanjani Alhamisi saa tatu usiku. Wapo wanaofika Ijumaa usiku na mabegi yao wakiwa wamevaa vizuri, na ndege ilishaondoka jana yake.

Kisha tazama terminali, yaani jengo la abiria. Heathrow ina terminali 2, 3, 4 na 5; ya kwanza ilifungwa mwaka 2015. Ya 2 na ya 3 zinatumia kituo kimoja, lakini ya 4 na ya 5 kila moja ina chake, na treni inayokwenda ya 5 haipiti ya 4. Soma maandishi ya mbele ya treni kabla ya kupanda. LaGuardia haina reli kabisa: unapanda basi la Q70, lisilotozwa nauli, hadi kituo cha treni. JFK ina treni ndogo ya kuzunguka terminali bila malipo, ila unalipa ukitokea kituo cha Jamaica au cha Howard Beach kuunganisha na treni za mji.

Onyo moja kuhusu kuunganisha ndege. Ukinunua tiketi mbili tofauti, kampuni ya pili haidaiwi chochote na kuchelewa kwa ile ya kwanza. Utachukua mzigo wako mwenyewe, utapita uhamiaji, utaupeleka tena kaunta. Kama ndege ya pili inaondoka uwanja mwingine wa mji huohuo, na pasipoti yako inadaiwa viza, unahitaji viza ya nchi hiyo hata kama hutalala. Marekani hata ukiwa na tiketi moja ya kuunganisha kwenda nchi ya tatu, utapitia uhamiaji, hivyo viza ni lazima kwa wenye pasipoti zinazodaiwa viza. Kwa viwanja viwili tofauti na tiketi mbili, ushauri wetu ni kulala usiku mmoja katikati. Saa nne za kubadilisha hutosha siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa, na siku hizo ni chache.

Begi la mkononi

Vimiminika: chombo kisizidi mililita 100, na vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa lita moja. Kinachopimwa ni ukubwa wa chombo. Chupa ya mililita 200 iliyobaki na mafuta kidogo chini itatupwa. Viwanja vingine vimeweka skana mpya na kulegeza sharti hili, lakini uwanja wa kurudia huenda haujalegeza, kwa hiyo fungasha kwa sharti la zamani.

Pawabenki haipakiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege kamwe. Kikomo bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, na hesabu yake ni rahisi: zidisha uwezo wake wa mAh kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya mAh 30,000 ni 111, hiyo inahitaji kibali cha kampuni ya ndege. Kama maandishi ya pembeni yamefutika na afisa hawezi kuyasoma, anaweza kuichukua hata kama ni ndogo.

Saa ya kwanza baada ya kutua

Kabla ya kuondoka nyumbani, pakua ramani ya mji ili isomeke bila intaneti, na hifadhi anwani ya hoteli kwa maandishi ya nchi hiyo. Dereva asiyesoma herufi zetu ataelewa akiona mwandiko wake.

Mzigo usipotokea kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi. Nenda kaunta ya mizigo ya kampuni iliyokuleta, andikisha taarifa ya mzigo uliopotea, na uondoke na karatasi yenye namba ya kumbukumbu. Ukishatoka, ni vigumu kuthibitisha kwamba tatizo lilianzia ndani. Kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa 1999, madai ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipoupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tunza risiti za nguo na vitu vya lazima ulivyonunua wakati unasubiri, maana hulipwa kwa ushahidi.

Wanaokuita "teksi, teksi" ndani ya ukumbi wapite. Teksi halali husubiri kwenye foleni yake nje, penye kibao.

Kwenye treni, miji mingi sasa inapokea kadi ya benki au simu moja kwa moja mlangoni. London huweka kikomo cha malipo kwa siku: ukishakifikia, safari zinazobaki hazikatwi. Lakini mfumo unatambua kifaa ulichogusisha, haumtambui mwenye kadi. Ukiingia kwa kadi na ukatoka kwa simu yenye kadi ileile, mfumo umeona watu wawili, mmoja aliyeingia asitoke na mwingine aliyetoka bila kuingia, na wote wawili wanatozwa nauli ya juu kabisa. Chagua kimoja asubuhi, ukitumie hadi usiku, tena kitoe kwenye pochi kabla ya kugusisha ili kadi nyingine isijisomee. New York wanagusisha wakati wa kuingia tu. London treni unagusisha mara mbili, basi mara moja.

Hoteli: tafuta kituo kwanza

Weka kando nyota. Fungua ramani ya treni, tafuta kituo ambapo njia ya uwanja wa ndege inakutana na njia ya kule unakotaka kutembea, kisha tafuta hoteli iliyo ndani ya dakika 8 hadi 10 kwa miguu kutoka kituo hicho. Ukivuta begi la kilo 23 kwenye njia ya mawe, dakika kumi hugeuka ishirini.

London kuna mfano mzuri. Kituo cha Farringdon kinakutanisha njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022 na kufika Heathrow, na treni za Thameslink zinazokwenda Gatwick upande mmoja na Luton upande mwingine. King's Cross St Pancras nayo ina njia ya Piccadilly ya Heathrow, Thameslink hizohizo, na treni za Paris. Mtu aliyelala jirani na kimoja kati ya vituo hivi anaweza kutua uwanja mmoja na kuondokea mwingine bila kupanda teksi hata mara moja. Chicago, njia ya bluu ni ya O'Hare na ya rangi ya chungwa ni ya Midway, na zote zinafika katikati ya mji, hivyo hoteli ya katikati inakuhudumia kwa viwanja vyote viwili. Paris, njia ya metro namba 14 inafika uwanja wa Orly tangu Juni 2024, na ramani nyingi za zamani bado hazionyeshi hilo.

Baada ya kupata hoteli mbili tatu, soma maoni ya miezi mitatu ya karibuni pekee, na utafute maneno matatu: kelele, lifti, ukarabati. Majengo ya zamani mengi hayana lifti, na picha ya mbele haitakuambia.

Kwenye malipo, mambo haya ndiyo yanayoleta ugomvi mapokezini:

- Bei ya mwisho. Miji mingi ya Ulaya hutoza kodi ya mji kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa hotelini, nje ya bei uliyoiona. Marekani, tangu Mei 2025, kanuni ya serikali kuu inataka bei ya hoteli na ya tiketi za burudani ionyeshwe ikiwa na ada zote za lazima, lakini kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa mwishoni.
- Fedha ya dhamana. Hoteli hushikilia kiasi fulani kwenye kadi yako unapoingia. Hakijakatwa, ila hukitumii, na baada ya kutoka kinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida, hizo ni fedha zako za chakula zimefungwa. Uliza kiasi kabla ya kusafiri.
- Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya pale, chagua ya pale. Ukichagua ya nyumbani, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na hakipangi kwa faida yako.
- Mwisho wa kughairi bila malipo huhesabiwa kwa saa za hoteli.

Ukifika saa 01:30 ya tarehe 13, weka nafasi kuanzia tarehe 12. Kisha iandikie hoteli siku mbili kabla kwamba utaingia usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, utaje na namba ya ndege. Usipofanya hivyo, mpokeaji wa zamu akiona saa sita imepita hujatokea, anaweza kukuandika kama mtu asiyefika na chumba kikapewa mwingine.

Ukifunguliwa chumba, begi liweke bafuni, juu ya vigae, kisha kagua kitanda kabla ya kitu chochote. Inua shuka upande wa kichwani, fuata mshono wa godoro kwa tochi ya simu, hasa pembeni panapokutana pindo mbili. Kunguni huacha vidoti vyeusi kama ncha ya kalamu iliyogusa kitambaa chenye maji, na wakati mwingine maganda ya rangi ya chai. Ukiviona, usikubali chumba kinachopakana nacho. Omba cha ghorofa nyingine, au ondoka.

Mara nyingi kuingia ni kuanzia saa nane au saa tisa mchana, na kutoka ni kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Ndege ya asubuhi ikikuleta mapema, acha mizigo mapokezini ukatembee. Karibu kila hoteli hukubali.

Matukio: tiketi, mlango na njia ya kutokea

Nunua kuanzia tovuti ya ukumbi wenyewe. Fuata kiungo cha tiketi kilicho pale, maana injini za kutafutia huweka matangazo ya wauzaji wa mkono wa pili juu kabisa. Tiketi nyingi za matamasha sasa ni msimbo unaojibadilisha kila baada ya muda mfupi ndani ya programu, na picha uliyoipiga ya skrini haifungui mlango. Mtu anayekuuzia picha hiyo hana cha kukuuzia.

Kwa michezo ya jukwaani, New York na London zina kibanda cha TKTS kinachouza viti vilivyobaki kwa punguzo: cha Times Square tangu 1973, cha Leicester Square tangu 1980. Nenda na majina matatu ya michezo, maana moja likikosekana foleni haikungoji ufikirie. Makumbusho yana siku zake za kufunga. Kwa Paris, Louvre hufungwa Jumanne, Orsay hufungwa Jumatatu. Wageni wengi hupanga siku moja kwa yote mawili na kukuta moja limefungwa. Makumbusho ya taifa ya London hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu, kwa hiyo yagawe kwa saa moja moja kwa siku tofauti badala ya kujichosha siku nzima.

Soma sharti la begi la ukumbi. Kumbi nyingi kubwa zinakataa begi linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, na sehemu ya kuhifadhi mabegi huenda isiwepo. Usitoke hotelini na mzigo wako wa safari ukitegemea kuuacha mlangoni.

Kuingia kwenye tukio hakuna shida kubwa, kwa kuwa watu hufika mmoja mmoja kwa saa mbili tatu. Kutoka ndiko kugumu, maana wote huondoka ndani ya dakika ishirini. Uwanja wa Wembley wa London huchukua watu 90,000, na polisi huifunga na kuifungua foleni ya kituo cha Wembley Park kwa awamu. Wenyeji hutembea hadi Wembley Central, mwendo wa dakika ishirini hivi, wakapandia huko. Kanuni hiyo inafaa kila uwanja: usiku uliotangulia, chora kwenye ramani kituo cha pili au cha tatu kilicho mbali kidogo, kwenye njia tofauti na ile ya watu wengi, na uandike saa ya treni yake ya mwisho. Teksi ya programu ikiitwa mlangoni mwa uwanja itakutoza bei ya msongamano na bado isifike. Tembea kilomita moja na nusu kwanza ndipo uite.

Siku ya marathoni mji hukatwa vipande. Mbio za New York, Jumapili ya kwanza ya Novemba, hupita wilaya zote tano, na kuvuka barabara inayokimbiliwa ni kusubiri. Chini ya ardhi kunapitika. Kama hoteli yako iko ndani ya mzunguko wa njia ya mbio na ndege ni mchana huo, pitia kwa treni au ondoka kabla ya barabara kufungwa.

Kurudi

Jisajili kwa ndege mtandaoni mara dirisha linapofunguliwa, kwa kampuni nyingi saa 24 kabla. Kaunta ya mizigo ya safari za kimataifa mara nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka, na geti dakika 15 hadi 20 kabla. Mipaka ya nchi za Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani mwao), tangu Oktoba 2025, imeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni kwenye mfumo mpya, kwa hiyo ongeza muda wa foleni ya pasipoti kuingia na kutoka.

Kama unadai kurudishiwa kodi ya bidhaa ulizonunua, dawati la forodha linatangulia kaunta ya mizigo. Afisa ana haki ya kutaka kuziona, na zikishapita kwenye mkanda huna cha kumwonyesha. Kwa Uingereza bara usihangaike na foleni hiyo: marejesho kwa watalii yaliondolewa tangu Januari 2021. Kwingineko, weka bidhaa juu kabisa ya begi, risiti na fomu mkononi, na fika saa moja mapema kuliko ulivyopanga.